Cadno Aliazimwa Hadi Machi

Mtu yule aliingia uani kwetu Jumamosi moja ya Oktoba, wakati baba na mimi tulikuwa tukiwavua farasi viatu. Hatukumsikia kwa sababu ya nyundo. Mbwa ndio waliotuambia. Juu alivaa koti la suti, la kwendea kanisani, na chini alivaa buti za mgodini zenye ncha za chuma, tope limempanda hadi magotini. Alikuwa ameshuka kutoka mlimani, si barabarani, na upande ule hakuna aliyewahi kutufikia ila kondoo waliopotea.

"Umepotea?" baba alimuuliza.

"Hapana, mzee. Nimefika. Naitwa Idwal Probert, wa Cwm Hesg. Nimesikia kwamba wakati wa baridi mnaazima farasi."

Baba aliuachia mguu wa farasi aliokuwa ameushika, akanyoosha mgongo, akamtazama tangu utosini hadi kwenye zile buti.

Ni kweli tulikuwa tukiazima. Kuanzia Pasaka hadi Septemba tuliwapandisha wageni kutoka mijini wakazunguke vilimani, watu wasiojua farasi anaanzia wapi na anaishia wapi. Baridi ikija, nyasi za Blaen-nant, shamba letu, hazikuwatosha farasi ishirini na wawili, kwa hiyo tuliwagawa. Aliyechukua farasi hakutozwa chochote. Alimlisha, akamtibu, akamrudisha majira ya kuchipua akiwa na mwili. Waliochukua walikuwa madaktari na mawakili wenye viwanja vikubwa, ambao binti zao walilia Machi ilipofika. Kutoka Cwm Hesg, kijiji cha wachimba makaa ng'ambo ya mlima, hakuwahi kuja mtu.

Baba alikuwa na maswali yake matatu, na hakuyaruka.

"Una pa kumlaza?"

"Kuna banda la matofali nyuma ya mtaa wetu. Lilikuwa la muuza maziwa. Nyasi kavu atanipa shemeji yangu."

"Unawajua farasi?"

"Miaka kumi na tisa nimewatunza farasi wa chini ya ardhi, mzee. Gizani. Mmoja akikohoa mwisho wa handaki, nakwambia ni nani na alikula nini."

Baba karibu atabasamu. "Na ni mtoto gani atakayempanda?"

Idwal Probert alivua kofia. Nadhani angeweza kudanganya hapo, na tungemwamini.

"Hakuna mtoto. Atavuta mkokoteni wa makaa."

Ulikuwa mwezi wa nane wa mgomo. Serikali ilitaka kuifunga migodi, na wachimbaji walikuwa wametoka tangu Machi, bila mshahara, wakisema haitafungwa. Sisi wa mashambani tuliyaona hayo kwenye televisheni kama mambo ya nchi nyingine, ingawa kati yetu na wao ulikuwa mlima mmoja tu. Idwal alitueleza yasiyoonyeshwa. Wazee wa Cwm Hesg, wenye mapafu yaliyokwisha kuliwa na vumbi, walizoea kuletewa makaa ya bure na mgodi, na sasa hayaletwi. Nyuma ya kijiji kuna kilima cha kifusi cha zamani, na ndani ya kifusi mna makaa madogo madogo. Wanawake walikuwa wakiyaokota kwa mikono. Lakini lori likiyabeba, linasimamishwa na polisi darajani na makaa yanamwagwa.

"Farasi atapita njia ya kondoo," alisema.

"Na hayo makaa ni ya nani?"

"Babu yangu ndiye aliyeyatupa pale, mzee. Naokota takataka za babu."

"Sheria inasema vingine."

"Sheria haijawahi kulala kwenye nyumba ambayo barafu iko upande wa ndani wa dirisha."

Baba aliinama akaokota nyundo yake. "Pole kwa safari ndefu. Lakini farasi wangu hawavuti wizi."

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Julai na digrii yangu. Tangu hapo nilikuwa nimeandika barua arobaini za kuomba kazi na kupata majibu sita, yote ya hapana kwa upole. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu haki. Nilisimama pale na kamba mkononi, nikaona haya, kwa sababu haki ilikuwa imetembea maili kumi na mbili kwa miguu na sisi tunaifungulia mlango itoke.

"Cadno si wako, baba," nilisema.

"Tegwen."

"Ulinipa nilipotimiza miaka kumi na minane. Ukaandika jina langu kwenye daftari."

Cadno alikuwa nyuma yangu, akinipulizia shingoni. Jina lake maana yake ni mbweha. Alikuwa mwekundu vile vile, mfupi, kifua kipana, na tumbo la mtu aliyeridhika na maisha. Baba alimtazama yeye badala ya kunitazama mimi.

"Haya," alisema baadaye. "Wako. Lakini nami nina sharti langu, na nalisema mbele yenu nyote wawili. Jumanne ya kwanza ya Machi, asubuhi hadi saa sita mchana, daktari wa mifugo anakuja kuwakagua kwa ajili ya leseni ya kupandisha wageni. Farasi asiyeonekana siku hiyo hafanyi kazi mwaka huo. Na farasi asiyefanya kazi, mimi simlishi. Anakwenda mnadani, awe wa nani. Pale wanunuzi wa nyama wanakaa mstari wa mbele."

"Nimesikia," nilisema.

Idwal alitema mate kwenye kiganja, kama wafanyavyo wafugaji, akaunyoosha mkono. Hakuunyoosha kwa baba. Aliunyoosha kwangu.

"Jumanne ya kwanza ya Machi, kabla ya saa sita. Nitamleta mimi mwenyewe."

Nami nikatema changu, tukashikana.

*

Desemba nilipanda basi, nikabadilisha mara mbili, nikafika Cwm Hesg na mfuko wa karoti. Mke wa Idwal, Mair, alinipokea mlangoni akiwa na masizi hadi kwenye kope.

"Wewe ndiye mwenye mali? Karibu, binti. Mume wangu hayupo, yuko lango la mgodi na wenzake. Farasi wako yupo. Njoo uniambie mlimlea kwa dini gani."

"Kwani amefanya nini?"

"Anasimama mbele ya kila baa! Kijiji hiki kina baa saba na makanisa tisa. Kanisani anapita kama upepo."

Nilicheka hadi nikakaa kwenye ngazi. Farasi wetu wote wako hivyo. Katika matembezi ya wageni, chakula cha mchana huliwa kwenye baa, na farasi hufungwa nje wapumzike. Cadno aliamini kwamba baa ni haki yake ya kisheria.

"Wanaume wa hapa wanampenda sana," Mair alisema. "Wanasema ndiye mwanachama pekee wa chama cha wachimbaji mwenye msimamo."

Siku ile niliokota makaa pamoja nao. Walikuwa wanawake tisa, mkubwa wao akiwa na miaka sabini na moja, na mvua ya barafu ilitupiga kutoka pembeni. Unachimba kwa vidole, unapepeta kwa wavu wa kitanda cha zamani, na gunia linajaa polepole mno. Ilipofika saa nane tulikuwa na magunia kumi na mawili. Cadno aliongozwa na nani? Hakuna mtu. Hakuwa na hatamu hata moja. Idwal alikuwa amemfundisha kama farasi wa mgodini, kwa sauti tu, kwa sababu kule chini farasi anayesogea bila kuambiwa anaweza kumbana mtu ukutani na kumuua. Aliposikia mlio fulani wa ulimi alikwenda. Asipousikia, alisimama.

Njia ya kondoo inaishia darajani, hakuna jinsi ya kulikwepa. Kwa kawaida saa zile polisi walikuwa lango la mgodi. Siku ile sita walikuwa wakitungoja. Hawakuwa polisi wa kwetu. Waliletwa kutoka mbali, na lafudhi yao ilikuwa ya mji mkuu.

"Simameni!" sajini alisema.

"Tumeshasimama, mwanangu," Mair alijibu. "Ungetuambia mapema tungesimama mara mbili."

"Magunia yana nini?"

"Viazi vyeusi."

Sajini hakucheka. Alikuwa na mafua, na nilimwonea huruma kidogo, nikajilaumu, halafu nikaona si kosa kumhurumia. "Farasi ni wa nani?"

Wanawake walitazamana. Wangeweza kusema ni wao, na nilijua wangesema.

"Wangu," nilisema.

"Jina?"

"Cadno."

"Jina lako, dada."

"Tegwen Prosser, wa Blaen-nant."

"Kazi?"

"Sina. Nina digrii."

Polisi mmoja kijana aliguna. "Kama mdogo wangu," alisema, sajini akamtupia jicho.

"Farasi tunamchukua kama kielelezo," sajini alisema, akamwashiria yule kijana. Kijana akashika kamba ya shingoni, akavuta. Cadno akasimama. Wakaja wawili. Cadno akasimama. Watatu wakavuta, na mmoja akasukuma kwa nyuma, jambo ambalo nisingemshauri mtu. Cadno alifumba macho nusu, kama mzee kwenye mahubiri.

Yule mama wa miaka sabini na moja alikaa kwenye ukuta wa daraja, akatoa kitambaa chake cha kufuma mfukoni, akaanza kufuma. Wenzake wakakaa naye. Mvua ilizidi.

"Mwambieni aende!" sajini alisema.

"Mimi siijui lugha yake," Mair alijibu. "Aijuaye ni mume wangu. Na mume wangu, mahakama yenu imemkataza kukanyaga daraja hili."

"Kwa hiyo mtakaa hapa mpaka lini?"

"Sisi? Tumekaa tangu Machi, mwanangu. Tumezoea. Wewe ndiye mwenye mafua."

Mtu wa gazeti dogo la wilaya alikuwa amefika na kamera yake. Sajini alimwona. Akatazama farasi, akatazama wanawake tisa ukutani, akajipangusa pua.

"Nikimwona tena hapa huyu farasi, nitakuja na lori," alisema.

"Utamwona kesho," Mair alisema. "Kesho ni zamu ya mtaa wa juu."

Walipokwisha kusogea pembeni, Mair alishuka ukutani, akapiga ule mlio wa ulimi, na Cadno akaondoka na magunia yake kumi na mawili. Sajini alisikia. Sote tulijua amesikia. Akajipangusa pua tena.

*

Picha ilitoka Ijumaa. Baba aliiweka mezani kando ya mkate, akaigongagonga kwa kidole.

"Nenda kamrudishe. Kesho."

"Nilimpa hadi Machi."

"Polisi wana jina letu, Tegwen!"

"Wameliandika vizuri, nimeona. Bila kosa."

"Usinifanyie mzaha. Wakimchukua huyo farasi hutamwona tena."

"Najua." Nilijua, na nililala vibaya kwa ajili hiyo wiki nzima. "Lakini ulinifundisha wewe, baba. Mtu akiazimwa farasi kwa msimu, hunyang'anyi katikati ya msimu. Mwaka ule daktari mmoja aliyeazima alipofiwa, ulikataa hata kumuuliza habari za farasi wako. Au sheria hiyo ni ya madaktari tu?"

Baba alikunja gazeti. Kwa siku nne hakuzungumza nami ila habari za kwato na nyasi. Siku ya tano alisema, "Mkokoteni ule una mizani mbaya, uzito uko mbele mno. Mwandikie mtu wako." Nikamwandikia.

Idwal alijibu kwa penseli, mistari mitano. Mizani imerekebishwa. Cadno hajambo. Wameuza kabati na redio, lakini shayiri ya Cadno ipo. Usiogope, aliandika, farasi wa watu halali njaa kwangu.

Lori la sajini lilikuja mara mbili Januari. Mara ya kwanza Cadno alikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa, mahali pa kwaya. Mara ya pili hawakuniambia alikuwa wapi, na mpaka leo hawajaniambia.

*

Jumapili ya tarehe tatu Machi mgomo ulikwisha. Tulisikia redioni baada ya ibada. Wajumbe wao walipiga kura, waliotaka kuendelea wakashindwa kwa kura chache, na wachimbaji watarudi kazini bila kupata walichokitaka. Nililia jikoni. Kisha mtangazaji akasema kwamba vijiji vingi vitarudi Jumanne alfajiri, wote pamoja, kwa bendi ya tarumbeta na bendera mbele, ili asionekane mtu ameinamisha kichwa.

Jumanne. Ya kwanza ya Machi.

Nilijua kitu kimoja alichoniambia Mair. Bendera ya Cwm Hesg ina miti miwili, na mti wa kulia umebebwa na Idwal kwa miaka ishirini, na kabla yake na baba yake. Gari letu la kubebea farasi lilikuwa limelala gereji tangu Krismasi. Jumatatu theluji iliufunga mlima, hata kondoo hawakuuvuka. Ilibaki Jumanne peke yake, na kutoka kwao hadi kwetu ni saa sita za kutembea.

Nilikwenda kwa baba. Alikuwa ameshafikiria kabla yangu.

"Nimempigia daktari simu," alisema. "Hana siku nyingine hadi Mei. Nimemuuliza mara mbili."

"Basi Cadno utamsamehe."

Alifunga daftari lake. "Nikimsamehe wako, mwakani nitawaambia nini walioazima wengine ishirini na mmoja? Nilisema mbele ya mtu, binti yangu."

Nilipiga simu kwenye kibanda cha mtaa wao, mtoto wa jirani akakimbia kumwita Idwal.

"Usije," nilimwambia. "Nakuondolea ahadi. Farasi ni wangu, hasara ni yangu. Kaa na wenzako, beba bendera yako."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wengi, na mtu akijaribu tarumbeta.

"Kwenu theluji imeacha?" Idwal aliuliza.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Sarafu inaisha," alisema, na simu ikakatika, ingawa aliyelipa nilikuwa mimi.

Jumanne nilikuwa getini tangu saa tatu. Daktari alifika saa nne, akaanza na wale wakubwa. Kila aliyemaliza kumkagua, baba aliweka alama, akatazama mlimani, akajifanya anatazama mawingu. Farasi kumi. Kumi na watano. Theluji iling'aa kule juu na hakuna kilichosogea juu yake. Nilikuwa nikiomba vitu viwili vinavyopingana. Nilimwomba Mungu Cadno aje, na nilimwomba huyo huyo kwamba Idwal awe anatembea nyuma ya tarumbeta.

Saa tano na robo kitu chekundu kiliibuka kwenye ukingo wa mlima.

Walishuka polepole, mtu mbele, farasi nyuma, kamba kati yao imelegea. Idwal alivaa lile koti la kanisani, na sasa lilimning'inia kama limetundikwa kwenye mti. Cadno alikuwa amenenepa. Manyoya yake yalisuguliwa hadi yakameta, na miguu yote ilikuwa na viatu vipya, ambavyo havikuwa sehemu ya mapatano.

"Nani kamvalisha?" baba aliuliza.

"Mimi. Barabara yetu ni mbaya, mzee."

Daktari alimzunguka Cadno, akamsikiliza kifua, akamfungua kinywa. "Huyu ndiye bora niliyemwona leo," alisema, akaandika.

Sikuweza kujizuia. "Bendera imebebwa na nani?"

"Mair," Idwal alisema. "Tulibishana tangu Jumapili. Alitaka yeye ndiye amlete farasi. Nikamwambia, mama, wewe mwaka huu umetembea darajani mara nyingi kuliko mimi. Beba wewe." Alipangusa uso kwa kofia. "Niliwasikia wakianza nilipokuwa kwenye kifusi. Tarumbeta zinafika mbali asubuhi. Nikasimama kidogo. Halafu tukaendelea."

"Ungemtuma mtu mwingine."

"Nilitoa mkono huu. Sikutoa wa mtu mwingine."

Baba alivua miwani, akaivaa tena. "Na kazini?"

"Kesho. Nitaingia peke yangu." Alilisema taratibu, na baba na mimi tulielewa. Mwaka ule mzima walioingia langoni peke yao walikuwa wale waliowasaliti wenzao, na walizomewa. "Wanaonijua watanijua. Asiyenijua akiniuliza, nitamwambia nilikuwa narudisha farasi wa watu. Akiona hiyo ni aibu, basi aione."

Alikuwa ameinua kidevu. Kabla ya siku ile sikuwahi kumwona mtu aliyeshindwa akifanana na mshindi kiasi kile.

Baba alisema kuna supu ndani, na kwamba atamrudisha kwa gari la jirani, na kwamba hatakubali kusikia hapana. Idwal alisema asante, supu atakunywa. Kisha aliniletea kamba, akaiweka mkononi mwangu, akakifunga kiganja changu juu yake.

"Hesabu miguu, binti," alisema. "Usije ukasema nimekula mmoja."

Nikahesabu. Minne. Saa ya jikoni ilikuwa bado haijagonga sita.